Familia zinazotishiwa kukosa makazi huku Kusini: fedha kidogo za kikundi zianzie wapi?

KatibuNdoro (Lindi)

Ndugu wanajukwaa, asalaam alaykum na poleni na majukumu.

Mimi ni katibu wa kikundi cha kijamii kilichosajiliwa katika halmashauri yetu hapa Lindi mjini. Wanachama wetu wengi ni akina mama: wauza samaki, mafundi cherehani na walimu wastaafu. Mfuko wetu unatokana na ada za kila mwezi, sadaka, na michango ya wenyeji wa hapa waliohamia Dar es Salaam. Tulianza kwa kusaidiana katika misiba na kununuliana sare za shule za watoto, lakini tangu mvua za mwaka 2024, mwaka wa kimbunga Hidaya, tunaletewa zaidi shida ya mahali pa kulala.

Kwa sasa tuna familia tatu mezani. Ya kwanza ni ya wapangaji wa vyumba viwili. Baba hubeba mizigo stendi na mama hukaanga mihogo, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo ama wafungashe virago. Ya pili ni ya mjane mwenye watoto wadogo, ambaye tangu arobaini ya mumewe ipite anafuatwa na wapwa wa marehemu wakidai kuwa nyumba ni ya mjomba wao na kwamba yeye arudi kwao. Ya tatu ni ya bibi anayelea wajukuu wanne. Ukuta wa udongo wa nyumba yake, ule unaotazama upepo wa kusi, umeanguka wote, na sasa wanalala sebuleni kwa jirani.

Fedha tulizonazo haziwezi kubeba yote matatu kwa ukamilifu. Baadhi ya wanachama wanataka tulipe kodi, na wengine wanataka tununue mabati kwa kuwa bati huonekana, na wanaotuchangia kutoka Dar hupenda kuona kitu. Naomba waliokwisha kufanya kazi ya namna hii watueleze: msaada upi huifanya familia ibaki katika makazi yake, na upi huahirisha tu siku ya kutolewa?

Chikongola (Mtwara)

Alaykum salaam, dada Katibu. Niko katika asasi ya kijamii hapa Mtwara, na nitajibu habari ya wapangaji peke yake kwa kuwa ndiyo tuliyoishughulikia zaidi.

Jambo la kwanza ambalo kikundi kinapaswa kulitazama ni kalenda, kabla hata ya kuuliza mfuko una kiasi gani. Familia nyingi za kipato cha chini huku kwetu hazikosi kodi mwaka mzima. Hukosa kwa majira. Fedha huingia mjini minada ya korosho inapoanza, kwa kawaida mwezi Oktoba, na malipo yanayopitia vyama vya msingi katika mfumo wa stakabadhi ghalani (korosho hukusanywa ghalani, kisha huuzwa mnadani) huendelea kufika hadi mwisho wa mwaka au Januari. Hata asiye na mkorosho mmoja, awe dereva wa bodaboda, mama lishe au mbeba mizigo, huishi kwa fedha hiyohiyo. Baada ya hapo inakuja masika na mzunguko unakauka, na ifikapo Juni mkulima anahitaji tena fedha za salfa, ile dawa ya mikorosho, na za vibarua wa kuipulizia. Kodi ya miezi sita ikimwangukia mtu mwezi Machi au Julai, hana pa kuitoa. Atakopa kwa mtu wa riba, au atahama usiku, au, ikiwa yeye au mzazi wake kijijini ana mikorosho, atauza kangomba, yaani atapokea fedha leo kwa korosho ambazo bado ni maua, kwa bei ya kutupa, na biashara yenyewe ni haramu kisheria. Hili la tatu ndilo baya kuliko yote, kwa sababu msimu ukifika korosho si zake tena, na kodi inayofuata imekwisha kupotea kabla haijadaiwa.

Kwa hiyo tunachokifanya ni kuisogeza tarehe. Tunamwendea mwenye nyumba na kumwomba apokee kodi ya miezi michache tu, ile inayotosha kuivusha familia hadi mnada uanze, kisha mzunguko wa miezi sita uanze Novemba mpangaji akiwa na kitu mfukoni. Chukulia chumba cha shilingi 30,000 kwa mwezi. Kodi ya miezi sita ni 180,000, lakini kumvusha mtu kutoka Agosti hadi mwisho wa Oktoba ni 90,000 tu, kwa hiyo fedha ambayo ingemsaidia mpangaji mmoja inasaidia wawili, na wote wawili wanaingia katika msimu bila deni la kangomba.

Fedha hiyo hatumkabidhi mpangaji mkononi. Inakwenda moja kwa moja kwa mwenye nyumba kwa njia ya simu, na ujumbe wa muamala unanakiliwa katika karatasi ya makubaliano yenye jina la mpangaji, idadi ya vyumba, miezi inayolipiwa, kiwango cha kodi ambacho hakitapanda ndani ya kipindi hicho, na sahihi ya mwenyekiti wa mtaa pamoja na muhuri wake. Kwa mpangaji mwenyewe tunaihesabu kuwa ni karadha, yaani mkopo usio na riba, jambo ambalo kwa Waislamu wengi wa huku ndilo linalowawezesha kuipokea bila kinyongo, na wale wasioweza kabisa kurejesha tunawahamishia katika fungu la sadaka bila kuwatangaza.

Angalizo moja tu. Katika makubaliano ya marejesho msiandike tarehe. Andikeni «baada ya malipo ya mnada». Msimu wa 2018/2019, Serikali ilipoamua kuzinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malipo yaliwachukua wakulima wengi muda mrefu kuyapata, na ahadi zilizofungwa kwa tarehe zilivunjika bila kosa la aliyeziweka.

Kuhusu wale wanaotaka kuona mabati: wapelekeeni hesabu. Sipendi kabisa desturi ya kumpanga mama mbele ya kamera ameshika kona ya bati huku viongozi watano wameshika kona nyingine.

MwenyeNyumba_Magomeni (Mtwara)

Naomba nizungumze kutoka upande wa pili, kwa sababu mara nyingi sisi wenye nyumba hutajwa kama watu wasio na huruma. Nina vyumba sita vya kupangisha, na kodi ya miezi sita siidai kwa ukatili. Shilingi elfu thelathini inayoingia kila mwezi huishia kwenye kitoweo. Ile ya mkupuo ndiyo inayolipa ada ya shule au kupandisha kozi mbili za tofali katika nyumba ambayo bado sijaimaliza. Sheria iliyokuwa ikidhibiti kodi za pango, ya mwaka 1984, ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo siku hizi kinachotufunga sisi na wapangaji kuhusu kiwango ni makubaliano yetu, na makubaliano ya mdomo hayana nguvu ya kutosha kwa upande wowote.

Kinachonishawishi kukubali kodi ya muda mfupi ni kuwa na mtu wa kumpigia. Kikundi kikiniambia kwamba mpangaji akichelewa nimpigie simu mweka hazina, na mweka hazina huyo akapokea, nimeridhika, hata kama siku hiyo fedha yenyewe haipo. Ninachokiogopa ni mpangaji kuondoka akiniachia deni la maji na mlango uliong'olewa komeo, na kila ninayemuuliza anasema hamjui.

Nawaomba pia msije mara ya kwanza mkiwa msafara pamoja na mwenyekiti wa mtaa. Ukifuatwa hivyo unajiona umeshitakiwa kabla hujasalimiwa. Waje watu wawili, jioni, tukae barazani tuzungumze. Mwenyekiti atakuja siku ya kutia sahihi.

Msaidizi wa Sheria (Mikindani)

Dada Katibu, katika familia zako tatu, ya mjane ndiyo isiyoweza kusubiri, na ndiyo inayohitaji fedha kidogo kuliko zote. Naomba wanachama wako waelewe hivyo kabla hawajaanza kupiga kura.

Mwambieni kwanza asitoke katika nyumba hiyo. Akishafunga vitu vyake na kwenda kwao «kupumzika kidogo», kama wengi wanavyoshauriwa na ndugu wa mume, atakaporudi atakuta kufuli jipya, na kuanzia hapo ni yeye atakayelazimika kudai. Pili, asitie sahihi wala dole gumba katika muhtasari wowote wa kikao cha ukoo kabla haujasomwa mbele ya mtu anayemwamini.

Madai ya wapwa hayakutoka hewani. Wamwera, Wamakonde na Wayao kwa jadi huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mtoto wa dada alikuwa na nafasi kubwa kwa mjomba wake kuliko aliyonayo leo. Ndiyo maana vijana hao huenda wanaamini kwa dhati kwamba wanafuata haki, na ukiwaita wezi mbele ya mtaa utakuwa umeongeza kesi juu ya kesi. Hata hivyo, mahakama huangalia marehemu aliishi maisha ya namna gani ili kujua sheria ipi itumike katika mirathi yake. Ikiwa aliishi kama Mwislamu na mirathi ikafuata sheria ya Kiislamu, mjane mwenye watoto hupata thumni, yaani sehemu moja ya nane, watoto huchukua mafungu yao, na mtoto wa dada hana fungu watoto wa marehemu wakiwapo. Mara nyingi, shekhe anayeheshimiwa akilieleza hilo kwa utulivu, nusu ya ugomvi huisha sebuleni.

Isipoisha, njia ni mahakama ya mwanzo. Zinahitajika cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha familia kinachompendekeza msimamizi wa mirathi, na maombi yenyewe. Mwenye pingamizi atalipeleka huko, mbele ya hakimu, badala ya kulileta mlangoni kwa mjane saa mbili usiku. Msimamizi akishateuliwa anapaswa, ndani ya miezi minne, kuwasilisha mahakamani orodha ya mali na madeni ya marehemu, na hilo husaidia kuzuia mtu kuuza nyumba kimyakimya. Wakati wote huo mjane akusanye kila karatasi: hati ya mauziano ya kiwanja hata kama iliandikwa kwenye ukurasa wa daftari, risiti za saruji na mbao, na majina ya majirani wa mipakani walioshuhudia ujenzi.

Watu wengi humpeleka mjane baraza la kata kwa mazoea. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, baraza hilo halitoi tena hukumu katika migogoro ya ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha, na usuluhishi ukishindikana ndani ya siku 30 shauri linaweza kwenda katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Suala la nani arithi ni la mahakama. Mpaka wa kiwanja na jirani ni jambo jingine.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatutambua sisi wasaidizi wa kisheria, na huduma yetu kwa mtu asiye na uwezo ni bure, ingawa haturuhusiwi kumwakilisha mahakamani. Kwa hiyo fedha za kikundi zitatumika kwa nauli, nakala za karatasi na ada ndogondogo. Kisichonunulika kwa fedha ni kufuatana naye. Mwanamke anayeingia mahakamani huku wenzake watatu wamekaa benchi la nyuma, wamevaa vizuri na wamenyamaza, husikilizwa kwa namna nyingine kabisa, na wapwa nao huongea kwa namna nyingine.

Niongeze jambo kwa walio katika ndoa, kwa sababu familia nyingine hupoteza nyumba baba akiwa hai. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamkataza mwanandoa kuuza, kuweka rehani au kupangisha nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Kikundi chenu kikilisema hilo katika vikao vyake vya kawaida, na wenyeviti wa mitaa wakazoea kuuliza «mama yuko wapi?» kabla ya kugonga muhuri, zipo familia ambazo hazitafika mezani kwenu kabisa.

Fundi Mingoyo (Lindi)

Kwa bibi mwenye ukuta ulioanguka, tafadhali msinunue mabati kwanza. Nimeitwa mara nyingi kuezeka bati jipya juu ya ukuta unaooza, na upepo wa kusi ukija unaondoka na bati pamoja na kenchi.

Nyumba ya fito na udongo haianguki kwa sababu ni ya udongo. Zipo zilizosimama miaka mingi. Inaanguka kwa sababu ya mguu wake, yaani sehemu ya chini ya ukuta. Paa likiwa fupi, maji ya mvua hudondoka karibu na ukuta, yanarukia juu na kuutafuna udongo wa chini, fito zinabaki wazi, mchwa wanazipanda, na masika yanayofuata ukuta unalala. Nendeni mkauchungulie ule uliobaki. Mkiona mfereji uliochimbwa na matone chini ya upenu, na mkibonyeza nguzo kwa kidole kikazama, basi huo nao hauna muda mrefu.

Kwa fedha kidogo ningeinua mguu wa mawe kiasi cha futi moja juu ya ardhi, nikaweka nguzo mpya zilizopakwa oili chafu sehemu inayoingia ardhini, nikazungushia kibaraza, kisha nikaurefusha upenu ili maji yaangukie mbali. Paa lenyewe lifungwe kwenye nguzo kwa waya, misumari peke yake haitoshi; mji huu ulipigwa na kimbunga Aprili 1952, na hicho cha 2024 kimetukumbusha kwamba mambo hayo si hadithi za wazee. Kama mtatumia saruji, mchanga usiwe wa ufukweni, kwa sababu chumvi itaibua lipu na kula nondo. Makuti yakiwa mazima yaacheni; bati jembamba la geji 30 karibu na bahari huanza kutu mapema, na ndani yake mchana watoto hawakaliki.

Kazi hiyo ifanyike kati ya Juni na Oktoba, udongo upate kukauka. Na kama nyumba iko kwenye mkondo wa maji, msiijenge palepale hata bibi akilia. Hapo zungumzeni na mtaa kuhusu kiwanja kingine kabla ya kufungua mfuko mmoja wa saruji. Ulizeni pia kiwanja ni cha nani. Ukishanyanyua ukuta mzuri, kuna watoto wa kaka watakaokumbuka ghafla kwamba ni eneo la babu yao.

KatibuNdoro (Lindi)

Ahsanteni sana, wazee wangu na ndugu zangu. Kiwanja cha bibi hakiko mkondoni, alipewa na mama yake, na mwenyekiti wa mtaa yuko tayari kuliandika hilo. Tutafanya kama Fundi alivyoshauri, na katika wiki hizi za kungoja tutampatia jirani anayewahifadhi unga na mafuta, kwa sababu naye ana watoto. Kwa mjane tumekwisha kuteua wanaofuatana naye, na imamu wa msikiti wetu amekubali kuzungumza na wapwa. Kwa wapangaji tutakwenda wawili, jioni, bila msafara.

Limebaki jambo linalotugawa. Habari imeshavuja kwamba kikundi kinasaidia makazi, na majina yameanza kumiminika, yakiwamo ya ndugu wa wanachama. Kaka Chikongola, ninyi mnachagua vipi bila kugombana, na je, majina mnayasoma kwenye mkutano?

Chikongola (Mtwara)

Majina hatuyasomi, dada. Mkutanoni husomwa idadi ya familia, aina ya msaada na kiasi kilichotoka, basi. Mtu aliyesomwa kuwa ameshindwa kodi mbele ya mtaa mzima hataleta shida yake mapema mara nyingine; atakuja vitu vyake vikiwa vimeshatolewa nje, wakati ambapo hakuna tena cha kumwomba mwenye nyumba.

Wanaochagua kwetu ni watu watatu, na hawachaguliwi kutoka mtaa mmoja. Wanaitembelea familia nyumbani jioni, wote wakiwapo, na wanauliza mambo manne au matano: nani analala wapi, tarehe ya kutoka ni ipi na nani aliyeisema, fedha yao huingia lini, nani mwingine anawasaidia, na kama jina lao limo katika mpango wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) wa kunusuru kaya masikini. Wenye tarehe iliyo karibu hutangulia, na kati yao hutangulia wale ambao msaada mdogo unatosha kuwabakiza. Jambo hili ni gumu kulieleza, kwa sababu wakati mwingine aliye maskini zaidi hukaa nyuma ya mwenye nafuu kidogo. Huyo tunampeleka kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri tukiwa na barua, na tunafuatilia, kwa kuwa barua isiyofuatiliwa hulala mezani.

Jina la ndugu wa mwanachama likifika, mwanachama huyo hutoka nje ya chumba hadi uamuzi upatikane. Anayekosa huelezwa sababu ana kwa ana ndani ya wiki hiyohiyo na mmoja wa wale watatu, asiachwe aisikie sokoni. Kumbukumbu zote tunaziweka katika daftari la kaunta ambalo kurasa zake tulizitia namba kwa kalamu kabla ya kuanza kuandika, ili usichanike ukurasa bila kujulikana; katibu hukaa na daftari, mweka hazina hukaa na karatasi za makubaliano, na kila baada ya miezi mitatu wanavilinganisha mbele ya mwanachama wa tatu asiye kiongozi.